Robert Dicke: Alipima hewa vizuri, Nobel ikaenda kwa jirani

Nilikuwa juu ya paa la jengo moja hapa Upper Hill, mvua ya Aprili ikija kutoka upande wa Ngong, siku niliyoelewa kwamba hewa si kitu tupu.

Kazi yangu ilikuwa kibarua cha kawaida. Namshikia fundi spana, nakaza nati, naangalia namba kwenye simu wakati anageuza dishi. Dishi letu lilikuwa linatazamana na lingine huko Industrial Area, na kati yao mawimbi ya maikrowevu yanabeba neti ya ofisi kadhaa. Jua likiwaka, namba ilitulia kwenye -42. Wingu liliposhuka ikaanza kutetemeka. Mvua ilipofika ikaanguka hadi -64 na neti ikaenda. Simu za wateja zikaanza. Jioni bosi akaamua ni mimi sikukaza nati vizuri, akanikata siku mbili.

Sikuwa na la kumjibu. Chuo niliacha mwaka wa pili baada ya karo kugoma, na hata huko hakuna aliyewahi kunifunza jinsi ya kutofautisha kosa la mkono wangu na kosa la mbingu. Usiku huo nikaingia mtandaoni na hasira, nikitafuta nani aliwahi kupima kitu kama hicho. Ndipo nikakutana na mzee mmoja Mmarekani anayeitwa Robert Dicke. Alifariki 1997, wengi wetu hatujazaliwa. Swali langu la paani lilikuwa swali lake pia, ila yeye alilifuata mpaka mwisho wa ulimwengu, na bado zawadi ikampita.

Kijana wa vyombo

Robert Henry Dicke alizaliwa Mei 6, 1916 katika mji wa St. Louis, Missouri, lakini alikulia Rochester, New York. Baba yake alisomea uhandisi wa umeme na baadaye akafanya kazi ya hataza, yaani zile hati za kulinda uvumbuzi wa watu. Ukilelewa na mtu kama huyo, utazoea kufikiri kwamba kila kitu kinaweza kufunguliwa, kikaeleweka, kikaundwa upya vizuri zaidi.

Alianza chuo hapo hapo Rochester, akahamia Princeton na kupata shahada yake ya kwanza 1939. Kisha akarudi Rochester kusomea udaktari wa fizikia ya nyuklia, akamaliza 1941.

Huo mwaka ulikuwa mbaya kwa mtu anayetaka kukaa kimya maabara. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimechacha. Dicke akachukuliwa na maabara ya siri pale chuo cha MIT, mahali ambapo wanasayansi wengi walikuwa wamekusanywa kwa kazi moja: rada. Hapo ndipo aliacha mambo ya nyuklia na kuingia kwenye maikrowevu.

Rada iliyomezwa na unyevunyevu

Rada hutuma wimbi, wimbi likagonga ndege au meli, likarudi. Wakati huo kila mtu alikuwa anakimbilia mawimbi mafupi zaidi, kwa sababu wimbi fupi linahitaji antena ndogo na linatoa picha kali. Antena ndogo inaingia kwenye ndege. Ikaamuliwa kutengeneza rada ya wimbi la sentimita 1.25.

Kumbe hapo kulikuwa na shimo. Mvuke wa maji ulio hewani una wimbi lake unalolipenda kumeza, la kama sentimita 1.35. Rada mpya ilikuwa imekaa karibu kabisa na mdomo wa huyo mlaji. Mtaalamu wa nadharia, John Van Vleck, alikuwa ameshapiga hesabu na kuonya. Lakini hesabu ya karatasi ni moja na hewa ya kweli ni nyingine. Mtu alitakiwa kwenda kupima.

Dicke na wenzake watatu, Robert Beringer, Robert Kyhl na A. B. Vane, wakapeleka vyombo Florida, jimbo lenye hewa nzito ya joto na unyevu. Ukitaka kuielewa hiyo hewa, fikiria Mombasa mwezi wa Machi, shati inashika mgongo saa tatu asubuhi.

Matokeo yao yalichapishwa 1946. Kwenye wimbi la sentimita 1.25, kila gramu ya mvuke katika mita moja ya ujazo ilikula desibeli 0.026 kwa kilomita. Inaonekana kidogo, si ndio? Hebu tupige hesabu. Hewa nzito ya pwani inaweza kuwa na gramu 20 hivi. Hiyo ni kama nusu desibeli kwa kila kilomita. Meli ikiwa kilomita 20 mbele yako, wimbi linaenda na kurudi, jumla kilomita 40. Mvuke peke yake utakuwa umekula desibeli 20 na zaidi, maana yake nguvu iliyobaki haifiki asilimia 1. Na hapo hujahesabu mvua.

Kilichowashangaza zaidi ni kwamba hewa ilikuwa inameza asilimia 50 zaidi ya vile nadharia ilivyosema. Karatasi ilikuwa imeidharau.

Ujanja wa mizani mbovu

Sasa, alipimaje? Hapa ndipo nilianza kumpenda huyu mzee.

Kitu chochote chenye joto hutoa mawimbi kidogo, hata hewa. Na kinachomeza wimbi fulani sana pia hulitoa sana. Kwa hivyo hukuhitaji kutuma chochote. Ungeweza kuelekeza antena angani na kusikiliza hewa yenyewe ikitoa mawimbi, kisha ujue inameza kiasi gani.

Shida ni kwamba hayo mawimbi ni madogo mno. Redio ya kupokea inapiga kelele zake yenyewe, kubwa mara nyingi kuliko unachotafuta, na kelele hizo zinapanda na kushuka kadiri chombo kinavyopata joto. Ni kama kupima nyanya Toi Market kwa mizani iliyolegea. Saa nne inasema kilo, saa tano nyanya zile zile zinasema kilo na robo.

Dicke hakujaribu kutengeneza mizani isiyolegea. Alifanya hivi: weka nyanya, toa, weka jiwe unalojua uzito wake, toa, rudisha nyanya, na ufanye haraka kuliko mizani inavyoweza kubadilika. Chombo chake kiliruka kati ya antena na kitu chenye joto linalojulikana mara 30 kwa sekunde. Kisha akahesabu tofauti tu kati ya hivyo viwili. Kelele za chombo zipo pande zote mbili, kwa hivyo zinajifuta.

Hicho chombo kinaitwa rediometa ya Dicke mpaka leo. Kiliundwa wakati wa vita, na wazo lake bado liko ndani ya vipimo vya setilaiti na vya utabiri wa hewa.

Tazama juu, kisha tazama kando

Ujanja wa pili ndio ungenisaidia mimi paani.

Ukielekeza antena juu kabisa, unatazama kupitia safu moja ya hewa. Ukiiinamisha mpaka nyuzi 30 kutoka upeo wa macho, unatazama kupitia safu mbili. Simama Upper Hill asubuhi ya Julai uone: juu ya kichwa mbingu ni ya buluu kidogo, lakini vilima vya Ngong vimefifia ndani ya utando mweupe. Hewa ni ile ile, ila kwa upande unapita nyingi zaidi.

Tuseme, kwa mfano tu, juu kabisa unasoma 14 na kwenye nyuzi 30 unasoma 24. Tofauti ni 10. Basi safu moja ya hewa inachangia 10. Toa 10 kwenye ile 14 ya kwanza, unabaki na 4. Hiyo 4 si ya hewa. Ni ya chombo chako, au ya ardhi, au ya kitu kilicho mbali kuliko hewa.

Hesabu hii ina sharti lake. Hewa iwe imetandazwa sawa. Kama Ngong kuna wingu na Athi River kuna jua, utadanganywa. Ndiyo sababu kikundi cha Dicke kilitumia pia vipimo vya mvuke vilivyochukuliwa huko juu angani, ili kujua kuna maji kiasi gani kwa kweli. Ukishuka Ngong Road kutoka Upper Hill hadi Dagoretti Corner, kwenye makao ya Idara ya Utabiri wa Hewa, kazi ya aina hiyo bado inafanyika: puto linaachiliwa likiwa limebeba kifaa, linapanda likituma joto, unyevu na kanieneo.

Mwishoni mwa muhtasari wa ile ripoti ya 1946, baada ya habari zote za mvuke, kuna sentensi moja imekaa kama haina wenyewe. Wanasema kwamba baada ya kuondoa hewa, mawimbi yanayotoka kwenye ulimwengu wenyewe ni kidogo sana, chini ya nyuzi 20 za Kelvin. Kelvin huanza kuhesabu kutoka baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri yetu. Siku ya kawaida Nairobi ni kama 295. Kwa hivyo walikuwa wamesema mbingu ni baridi mno, na chombo chao hakikuweza kuona chini ya hapo.

Waliandika, wakafunga, wakaenda nyumbani. Vita vilikuwa vimeisha.

Paa lingine, miaka 18 baadaye

Dicke alirudi Princeton 1946 na hakuondoka tena. Alikuwa mtu wa mambo mengi. Alifanya kazi kubwa kuhusu mwanga na atomu. Akaingia kwenye uvutano, akapima kama dhahabu na alumini huanguka kuelekea jua kwa kasi sawa, kwa usahihi wa sehemu moja katika bilioni 100. Mwaka wa 1961, pamoja na mwanafunzi wake Carl Brans, alitoa nadharia iliyothubutu kushindana na ya Einstein. Na alikuwa na hataza kama 50, kuanzia mashine ya kukausha nguo hadi leza. Yaani baba yake angejivunia.

Mwaka wa 1964 akapata wazo. Kama ulimwengu ulianza ukiwa mdogo na wa moto sana, ule mwanga wa mwanzo haukwenda popote. Uko bado, umepoa na kunyooshwa, na sasa unapaswa kuonekana kama maikrowevu hafifu kutoka kila upande wa mbingu.

Akawapa vijana wake kazi. Jim Peebles, Mkanada, apige hesabu. Peter Roll na David Wilkinson waunde rediometa. Wakaanza kuijenga juu ya paa la jengo la chuo. Ndiyo, paa, kama sisi tu.

Na hapa kuna jambo ambalo bado linaniuma. Dicke alikuwa amesahau ile sentensi yake ya 1946. Alikuwa ameshaitafuta hiyo baridi ya mbingu kwa mkono wake, akaiwekea dari ya 20, kisha ikamtoka akilini. Hakujua pia kwamba 1948 Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wamekadiria mabaki hayo yawe kama Kelvin 5.

Simu ya saa ya chakula

Wakati huo, kama kilomita 50 kutoka hapo, kidogo zaidi ya kutoka mjini hadi Thika, watu wawili wa Bell Labs walikuwa wamechanganyikiwa. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena kubwa kama pembe la ng'ombe huko Holmdel, iliyojengwa kwa kazi za setilaiti. Walitaka kusikiliza nyota. Lakini kulikuwa na kelele iliyokataa kuisha.

Walikagua kila kiungo. Njiwa walikuwa wamejenga kiota ndani ya antena na kuichafua, wakawatoa na kusafisha. Afadhali walikuwa njiwa, si wale ndege wakubwa wa raundabauti ya Nyayo. Kelele ikabaki.

Hebu ona hesabu yao. Antena ikitazama juu kabisa ilisoma Kelvin 6.7. Hewa, waliyoipima kwa kuinamisha antena vile vile, ilichangia 2.3. Antena yenyewe na ardhi vilichangia kama 0.9. Ukitoa vyote unabaki na 3.5, na hiyo 3.5 haikuwa na mwenyewe.

Kila kitu kimesimama juu ya ile 2.3. Ukikosea hewa kidogo tu, ukasema ni 5 au 6, basi hakuna ugunduzi. Unafunga kazi unaenda nyumbani ukidhani ni unyevunyevu. Na kelele za chombo walizishinda kwa kulinganisha antena na kitu baridi kinachojulikana, ujanja ule ule wa mizani na jiwe.

Mwaka wa 1965 Penzias akasikia kupitia rafiki kwamba kuna kikundi Princeton kinatafuta kitu kama hicho. Akapiga simu. Dicke alikuwa ofisini na vijana wake, wanakula chakula cha mchana huku wanajadili kazi. Wao walimsikia upande mmoja tu, akitaja vitu ambavyo mtu wa kawaida hana. Alipoweka simu chini aliwageukia na kuwaambia kwamba wameshatanguliwa.

Hakuficha, hakuchelewesha. Walikwenda Holmdel kuona chombo, wakakubali kwamba kipimo ni sahihi. Makala mawili yakatoka pamoja Julai 1965: Penzias na Wilson wakaeleza walichopima, Dicke na vijana wake wakaeleza maana yake. Muda mfupi baadaye Roll na Wilkinson wakamaliza rediometa yao na kupata Kelvin 3.0 kwenye wimbi lingine. Ikathibitika. Huo ulikuwa mwanga wa kwanza wa ulimwengu.

Mwaka wa 1978 Nobel ya fizikia ikatoka. Penzias na Wilson walipata nusu, Pyotr Kapitsa wa Urusi akapata nusu nyingine kwa kazi tofauti. Jina la Dicke halikuwepo. Peebles aliipata yake 2019, akiwa na miaka 84. Dicke alikuwa ameshafariki Machi 4, 1997, akiwa na miaka 80.

Alichotuachia

Baada yake watu walichoka kupambana na hewa, wakaamua kuitoroka. Setilaiti ya COBE ilirushwa 1989, ikapata joto sahihi: Kelvin 2.725. Ile WMAP iliyorushwa 2001 ilipelekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na imepewa jina la Wilkinson, yule kijana wa paani. Zote zilitumia rediometa za kulinganisha, watoto wa chombo cha Dicke.

Sisi tuliobaki chini bado tunaihesabu. Hata ile nukta ya buluu kwenye simu yako ukiita boda. Mawimbi ya GPS yakishuka kutoka juu kabisa, hewa huyachelewesha kana kwamba safari imeongezeka mita 2.3 hivi kwa mtu aliye usawa wa bahari. Sehemu kubwa ni hewa kavu, ambayo ni rahisi kuikadiria. Kinachosumbua ni mvuke, kwa sababu unabadilika kila saa. Ni mlaji yule yule wa Florida.

Wengine watasema Dicke aliibiwa. Mimi sioni hivyo. Waliompita walikuwa waaminifu, na yeye pia. Lakini kilichompata kinanitisha kidogo: unaweza kufanya kazi nzuri kabisa, uiandike, kisha uisahau ikiwa kwenye kabati lako mwenyewe.

Kwa hivyo nilinunua daftari la shilingi hamsini. Kila nikipanda paa naandika tarehe, saa, hali ya mbingu, namba kabla sijagusa chochote, na namba baada ya kukaza. Mvua ikinyesha naandika namba inavyoanguka. Mvua ikipita naandika tena.

Novemba neti ikakatika kwenye jengo lile lile, na bosi akaanza wimbo wake. Nikamfungulia ukurasa. Saa nane kasoro, kukiwa kukavu, -42. Saa nane na robo, mvua kubwa, -65. Saa tisa, mvua imekwisha, hakuna aliyepanda paa, -42. Dishi lililolegea halirudi mahali pake lenyewe.

Aliangalia ile karatasi kwa muda. Zile siku mbili za Aprili hakunirudishia. Lakini siku hiyo hakunikata, na sasa mafundi wengine wawili wananunua madaftari.